Kubandika mapezi ya alumini kwenye roketi ya faibaglasi na kuyavika kaboni

Okota pezi la alumini lililong'oka kwenye roketi, utazame pale lilipoachia. Mara nyingi gundi yote imebaki upande wa bomba la faibaglasi, na alumini imetoka safi kama kijiko kilichooshwa. Gundi haikuvunjika, iliachia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanywa kabla kopo la epoksi halijafunguliwa.

Roketi tunayoizungumzia

Tuchukue roketi nyembamba ya mota ya mm 54, ile ambayo mota inajaa bomba zima bila nafasi ya pembeni. Bomba ni la faibaglasi ya epoksi iliyosokotwa (G12), kipenyo cha nje mm 57. Mapezi ni matatu, ya bamba la alumini 6061-T6 lenye unene wa mm 3.2. Shina la pezi, yaani upande unaokaa kwenye bomba, lina urefu wa mm 200. Ncha mm 80. Kutoka bombani hadi nchani ni mm 90. Kwa kuwa mota imejaa bomba, huwezi kutoboa ukuta na kuzamisha pezi ndani. Pezi linasimama juu ya bomba kwa ukingo wa mm 3.2 tu, na mzigo wote unabebwa na gundi ya pembeni na kitambaa cha faibaglasi na nyuzi za kaboni kitakacholivika.

Kabla ya kukata bamba, soma kanuni. Huko Marekani, ambako mchezo huu wa kurusha roketi una mizizi mirefu, kanuni ya usalama ya NAR, chama cha kitaifa cha warusha roketi, kwa roketi ndogo hairuhusu mapezi ya metali kabisa. Ile ya roketi zenye nguvu kubwa inataka vitu vyepesi kama karatasi, mbao, plastiki na faibaglasi, na metali laini isiyopasuka vipande pale tu inapolazimu. Nchi nyingine zina mamlaka zao za anga, na kibali huombwa huko kabla ya siku ya kurusha. Kama roketi yako haifiki kasi ya sauti, tumia bamba la faibaglasi na uachane na alumini. Utapunguza uzito na kazi. Alumini ina maana pale ukingo wa mbele unapokutana na joto kali. Hewa ya 15 °C ikisimamishwa na ukingo wa pezi kwenye Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, hufikia kama 245 °C, na kwenye Mach 3 hupita 500 °C. Ni kwa sekunde chache, lakini ukingo mwembamba wa epoksi hauhitaji nyingi.

Uzito nao upigie hesabu. Pezi moja la vipimo hivi lina gramu 109 kwa alumini na kama gramu 75 kwa faibaglasi ya G10. Kwa mapezi matatu umeongeza gramu 100 mkiani, na kitovu cha uzito kinarudi nyuma. Weka namba hizo kwenye OpenRocket, programu ya kompyuta ya kukokotoa mruko wa roketi, ukiongeza gramu nyingine 150 za gundi na kitambaa. Ukiona kitovu cha uzito hakiko mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa angalau kwa kipenyo kimoja na nusu cha bomba, ongeza uzito puani au punguza pezi. Usitegemee kwamba itakaa sawa yenyewe.

Epoksi ipi

Kwanza ondoa zisizofaa. Resini ya poliesta, ile ya mafundi wa boti na bodi za magari inayochanganywa na matone ya kichocheo, haishiki alumini vizuri. Itabanduka kwa joto na mtikisiko. Mkeka wa faibaglasi unaouzwa pamoja nayo nao uuache: gundi inayoshikilia nyuzi za mkeka huo imetengenezwa ili iyeyushwe na poliesta, na kwenye epoksi unabaki mgumu na haulali kwenye kona. Epoksi ya dakika tano pia si ya kazi hii. Hulainika kwa joto dogo na hunywa maji.

Zinazofaa ni mbili kwa kazi mbili. Ya kubandikia na kujazia kona iwe epoksi nzito ya kimuundo: RocketPoxy G5000 (1 kwa 1), 3M DP420 (2 kwa 1, muda wa kufanyia kazi kama dakika 20) au DP460 (2 kwa 1, kama saa moja). Ya kulowesha kitambaa iwe nyepesi, kama West System 105 na kigumishi 206, sehemu 5 kwa 1. Hiyo ya pili unaweza pia kuifanya nzito kwa unga wa silika ukaitumia kwenye kona. J-B Weld ya asili hustahimili joto vizuri, ila ni nzito kwa uzito na inafaa sehemu ndogo tu.

Aliyezoea poliesta ana tabia ya kuzidisha kigumishi ili kazi iende haraka. Kwenye epoksi tabia hiyo inaharibu. Kigumishi si kichocheo. Ni nusu ya pili ya gundi yenyewe, na kikizidi kinabaki hakina cha kushikana nacho, gundi inakuwa laini milele. Pima kwa mizani ya gramu 0.1, si kwa jicho. Ukitaka iive haraka, badilisha aina ya kigumishi au ongeza joto la chumba.

Vipande vya majaribio kwanza

Kata vipande vinne vya alumini na vinne vya faibaglasi, kila kimoja mm 25 kwa 100. Viandae kwa njia ileile utakayotumia kwenye mapezi, kisha bandika alumini juu ya faibaglasi kwa kupandisha mm 12 tu. Subiri gundi iive kabisa. Viwili viache vikavu. Viwili vitie kwenye maji ya 50 °C kwa siku mbili, kisha vipoe.

Usihangaike kuvivuta kwa mkono. Muungo mzuri wa ukubwa huo hubeba mamia ya kilo. Bana kwenye jiriwa, ingiza patasi kwenye mstari wa gundi, gonga, kisha soma kilichotokea:

- Gundi imebaki pande zote mbili: sawa, gundi yenyewe ndiyo iliyopasuka.
- Nyuzi za faibaglasi zimeng'oka na kubaki kwenye alumini: nzuri zaidi.
- Alumini inang'aa: maandalizi yamekosewa, hata kama ulitumia nyundo nzito kuvitenganisha.
- Vikavu vizuri lakini vilivyolowekwa vimeachia alumini tupu: hapa ndipo wengi hujidanganya. Muungo huo utashika siku ya kwanza na kuachia baada ya msimu mmoja wa mvua.

Rudia hadi vilivyolowekwa navyo vipasukie kwenye gundi. Ndipo uguse mapezi.

Kuandaa alumini

Alumini iliyokwanguliwa hujivika ngozi mpya ya oksidi mara tu hewa inapoigusa. Ngozi hiyo si adui. Epoksi hushikana nayo. Tatizo ni kwamba kadiri saa zinavyopita inanyonya unyevu na mafuta ya hewani, inakuwa kama unga juu ya ukuta. Lengo ni ngozi mpya, safi, iliyofunikwa na gundi kabla haijachoka. Kwa hiyo panga kazi ili kati ya msasa wa mwisho na gundi isipite saa moja. Pwani, kama Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu na chumvi, lenga nusu saa.

Kabla ya yote maliza kazi ya fundi chuma: kata pezi, lainisha kingo kwa tupa, chonga ukingo wa mbele. Kisha toboa mashimo ya mm 3 kwenye mstari ulio mm 4 juu ya shina, kila baada ya mm 20. Utapata mashimo tisa kwa pezi. Gundi ya kona ya kushoto na ya kulia zitakutana ndani ya mashimo hayo na kuwa pini. Hata kama siku moja muungo utaachia alumini, pezi halitatoka lote kwa mara moja. Ondoa mabaki ya kutoboa pande zote.

Sasa usafi, kwa mpangilio huu:

1. Osha kwa maji moto na sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Suuza. Kausha kwa kitambaa cheupe cha pamba ambacho hakijafuliwa kwa dawa ya kulainishia nguo. Dawa hiyo huacha utando.

2. Futa kwa asetoni, ukielekea upande mmoja tu. Mimina asetoni kwenye kitambaa, usichovye kitambaa kwenye kopo, maana utaichafua yote. Badilisha kitambaa hadi kinachotoka kiwe cheupe. Mafuta huondolewa kabla ya msasa. Ukianza na msasa unayasukuma ndani ya mikwaruzo na hutayatoa tena. Asetoni hushika moto haraka, hivyo pasiwe na jiko wala sigara karibu.

3. Piga msasa namba 80 hadi 120 wa oksidi ya alumini, kwa mizunguko na mishazari, mpaka pasibaki mng'ao wa kiwandani popote. Usitumie ile misasa yenye unga mweupe wa kuzuia kuziba: unga huo ni kama sabuni, unabaki juu ya metali. Usitumie steeluulu wala brashi ya waya wa chuma. Vinaacha chembe za chuma zinazoanzisha kutu. Kama unaweza kupata mashine ya kupulizia mchanga wa oksidi ya alumini, ni bora kuliko mkono.

4. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha asetoni mara mbili. Kuanzia hapa ni glavu mpya za nitraili tu. Alama moja ya kidole kwenye shina inatosha kuanzisha ufa.

5. Mwagia maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na tindikali. Yakitanda kama shuka bila kuvunjika kwa sekunde 30, uso ni safi. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la mgomba, rudi hatua ya 2. Jaribio hili ni la bure na linasema kweli. Kausha kwa hewa ya moto.

Hapo una njia mbili za kumalizia, na zote mbili zinafanya kazi.

Ya kwanza ni kupiga msasa ndani ya epoksi. Paka epoksi nyepesi isiyo na unga juu ya alumini, kisha piga msasa namba 80 humo humo, epoksi ikiwa mbichi. Ngozi mpya inazaliwa chini ya gundi, hewa haiipati. Epoksi itageuka kijivu; ndiyo dalili kwamba unakata metali. Futa ziada hiyo ya kijivu, paka nyingine nyembamba, kisha bandika ikiwa bado mbichi. Kwa wengi wetu hii ndiyo njia ya kuchagua: haitaki kemikali ya ziada na inasamehe makosa madogo.

Ya pili ni silani, kimiminika kinachofunga oksidi upande mmoja na epoksi upande mwingine. Tafuta silani ya jamii ya epoksi, glisidoksipropili trimethoksisilani. Weka mililita 1 kwenye mililita 99 za maji yasiyo na madini, ongeza matone machache ya siki nyeupe hadi pH iwe karibu 5, koroga saa nzima. Ukiifupisha saa hiyo haijafunguka na haitashika. Paka alumini iliyotoka kwenye msasa, iache ikiwa imelowa kwa dakika 10, iinamishe ichuruzike, kisha iweke kwenye oveni ya 110 °C kwa saa moja. Joto hilo haliharibu ugumu wa 6061-T6. Tumia mchanganyiko siku hiyohiyo, unaobaki mwaga. Ukitaka vipande vinavyokaa majini vishike kama vikavu, silani ndiyo itakayokufikisha.

Kuna pia dawa za kuchubua za tindikali ya fosforiki zinazouzwa kwa ajili ya kuandaa alumini. Ni sawa ukifuata maelekezo ya kopo. Zile za rangi ya dhahabu zenye kromu ziache viwandani; kromu ya aina hiyo inasababisha saratani.

Bomba

Faibaglasi ni rahisi zaidi, lakini ina mtego wake: nta ya kuachia ya kiwandani. Osha kwa sabuni kwanza, futa kwa asetoni, ndipo msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe. Usichimbe hadi nyuzi zianze kusimama. Vaa barakoa ya FFP2 au zaidi, maana vumbi la faibaglasi na kaboni halitoki mapafuni kwa kukohoa. Vumbi la kaboni pia hupitisha umeme. Usilikatie karibu na kompyuta wala altimita, kile kifaa cha kupima mwinuko wa roketi.

Kugawa mapezi: zungushia utepe wa karatasi kwenye bomba, weka alama inapokutana, pima. Mzunguko wa bomba la mm 57 ni kama mm 179, kwa hiyo alama ni kila mm 59.7. Chora mistari mirefu kwa kulaza bomba kwenye chuma cha pembe. Mstari ukikosea mm 1.75 katika urefu wa shina, pezi limepinda nusu digrii, na roketi itazunguka kama pia. Kosa lisizidi nusu milimita.

Wapo wanaochonga shina la pezi ili lifuate mviringo wa bomba. Kwa unene wa mm 3.2 usijisumbue: pengo la pembeni ni chini ya mm 0.05, na gundi inataka nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kubandika

Tengeneza jigi, yaani kishikizo cha kuyaweka mapezi sawa, ya plaiwudi ya mm 6: vipande viwili vyenye tundu la bomba katikati na mifereji mitatu ya mm 3.3 kwa digrii 120. Kimoja kikae karibu na mkia, kingine karibu na mwanzo wa shina. Palipo na hatari ya gundi kufika, paka nta au funga tepu ya plastiki, la sivyo jigi itakuwa sehemu ya roketi.

Mstari wa gundi uwe na unene wa mm 0.1 hadi 0.25. Ukibana hadi gundi yote itoke, unabaki na muungo mkavu unaopasuka kama kioo. Dawa yake iko kwa wavuvi: kata vipande vifupi vya mshipi wa mm 0.2, weka viwili kukatiza shina, kimoja karibu na kila mwisho. Pezi litakaa juu yake na nafasi itabaki sawa kote.

Paka gundi nyembamba pande zote mbili, shina na bomba. Weka pezi, sukuma hadi liguse mshipi, futa inayotoka pembeni kwa kijiti. Usitumie supaglu kushikilia kwa muda. Inaiba nafasi ya gundi ya kweli na ni dhaifu kwa mtikisiko. Acha usiku mmoja.

Fileti

Fileti ni ile gundi ya mviringo inayojaza kona kati ya pezi na bomba. Kwenye roketi hii ndiyo nguzo. Nusu kipenyo cha mm 10 kinatosha. Fileti sita za mm 200 zinahitaji karibu sentimita za ujazo 26 kwa hesabu ya kona ya digrii 90. Andaa 35 hadi 40 ili ibaki ya kupoteza. Usizichanganye zote mara moja. Epoksi nyingi kwenye kikombe kimoja hujipasha yenyewe, hufuka moshi na kuiva kabla hujafika kona ya pili. Kila mkupuo uwe wa fileti mbili.

Kama unatumia epoksi nyepesi, ongeza unga wa silika hadi iwe kama siagi ya karanga na isianguke kijitini, kisha nyuzi za faibaglasi zilizosagwa, kiasi cha vijiko viwili vya chai kwa gramu 40. Zile chembechembe nyepesi za viputo vya kioo zisitiwe hapa. Ni za kujazia kabla ya rangi, hazibebi mzigo. Silika inaruka hewani, kwa hiyo barakoa ibaki usoni.

Kwanza piga msasa mwepesi gundi ya jana, futa, na uandae upya ile alumini ya pembeni ambayo imekaa wazi usiku kucha. Hatua hii watu huiruka kwa sababu jana walishaiandaa. Jana si leo. Kisha bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi mm 11 kutoka konani, juu ya pezi na juu ya bomba. Laza roketi ili mapezi mawili yaelekee juu kama herufi V, weka gundi kwenye kona hizo mbili, na ilazimishe iingie kwenye mashimo kwa kijiti hadi uione ikitokea upande wa pili. Pitisha kipande cha bomba la PVC la kipenyo cha mm 20, mkupuo mmoja, bila kurudi. Viputo vikionekana, pulizia hewa ya moto kwa sekunde chache vipasuke. Toa tepu gundi ikiwa bado mbichi. Ukisubiri iive, tepu itatoka na kipande cha fileti.

Acha saa sita, zungusha roketi, fanya kona mbili zinazofuata.

Kuvika kitambaa

Kaboni ikigusana na alumini penye unyevu, alumini inaliwa. Viwili hivyo ni betri ndogo. Inaanza na malengelenge chini ya kitambaa, halafu tabaka linanyanyuka. Kwa hiyo tabaka la kwanza ni faibaglasi nyembamba ya gramu 80 kwa mita ya mraba, juu yake ndipo kaboni mbili za gramu 200. Faibaglasi ifike ukingoni. Kaboni ya kwanza iishie mm 5 kabla ya ukingo wa pezi, ya pili mm 15. Ngazi hiyo inafanya kazi nyingine pia: nguvu ya kubandua hujikusanya pale kitambaa kinapoishia ghafla.

Lipo jambo lingine, la kutanuka. Alumini hutanuka mikroni 23 kwa kila mita kwa kila digrii; kaboni karibu hakuna. Kwenye shina la mm 200, tofauti ya 60 °C inaleta takriban robo ya milimita. Gundi lazima imeze tofauti hiyo. Ndiyo sababu ya kutaka gundi yenye unene wa kutosha na inayonyumbuka kidogo, na ndiyo sababu pande zote mbili za pezi zivikwe sawa, tabaka kwa tabaka. Ukiweka kaboni mbili upande mmoja na moja upande mwingine, pezi litapinda likipata joto.

Nyuzi za kaboni zilale kwa digrii 45, si sambamba na shina. Adui wa pezi jembamba kwenye kasi kubwa ni kujipinda na kupigapiga kama bendera, na nyuzi za mshazari ndizo zinazozuia kujipinda.

Kitambaa kinaanza ncha ya pezi moja, kinashuka kwenye fileti, kinapita juu ya bomba na kupanda hadi ncha ya pezi la pili. Nafasi moja kati ya mapezi mawili ni kama mita za mraba 0.037. Faibaglasi moja na kaboni mbili zina gramu 18. Resini iwe uzito uleule, changanya gramu 28 ili ibaki ya kupoteza. Ukiona resini inaogelea juu ya kitambaa umeweka uzito bure.

Kabla ya kulowesha, osha fileti kwa maji na kitambaa cha kusugulia, kausha, kisha msasa namba 80. Vigumishi vingi hutoa utando wa nta juu ya epoksi hasa hewa ikiwa na unyevu; asetoni huusambaza tu, maji huuondoa. Lowesha kitambaa juu ya plastiki, kilaze, kisukume kwa brashi kuanzia kwenye fileti kwenda nje. Kitambaa kikianzia nchani kitavutika na kunyanyuka konani, na nafasi hiyo ya hewa ndiyo utakayoisikia ikilia baadaye. Funika kwa kitambaa cha nailoni cha kubandua, kisha sponji na mfuko wa mchanga ulale kwenye kona, au mfuko wa ombwe, ule unaofyonzwa hewa, kama unao. Ukitumia ombwe acha mikunjo ya ziada kwenye mfuko hapo konani. Ukikaza utainua kitambaa badala ya kukilaza.

Kitambaa cha nailoni kikibanduliwa kinaacha uso wenye vinundu. Bado upige msasa kidogo kabla ya rangi.

Kuivisha kwa joto

Epoksi iliyoiva kwa joto la chumba huanza kulainika kwenye 50 hadi 60 °C. Roketi nyeusi ndani ya gari lililofungwa juani hupita hapo bila kuruka. Tena kwenye roketi hii mota inagusa bomba, na ganda lake linaendelea kupasha ukuta baada ya moto kuzimika.

Acha siku mbili kwenye joto la chumba kwanza. Kisha weka roketi ikiwa imesimama, jigi ikiwa imefungwa (mifereji yake ikiwa imepanuliwa kwa unene wa kitambaa), ndani ya sanduku la plaiwudi lenye balbu ya waya ya wati 100 na vipimajoto viwili, juu na chini. Pandisha kama 10 °C kwa saa hadi 60 °C, shikilia saa nane, zima, acha ipoe na mlango ukiwa umefungwa. Ukikimbiza joto, gundi inalainika kabla haijapata nguvu mpya na pezi linahama. Ndiyo maana jigi haitoki. Fuata karatasi ya mtengenezaji kama inaruhusu joto zaidi.

Mwisho chonga ukingo wa mbele ulipofunikwa na resini, ziba alumini iliyoachwa wazi kwa epoksi nyepesi au rangi, na uchague rangi nyeupe kuliko nyeusi.

Ukaguzi

Gonga pezi zima kwa sarafu, kila sentimita. Mlio mkavu na mkali ni mzuri. Mlio mzito kama wa kopo tupu unaonyesha kitambaa kimenyanyuka. Doa la upana wa shilingi katikati ya pezi unaweza kulitoboa mashimo mawili ya mm 1 na kuingiza epoksi nyepesi kwa sindano. Likiwa kwenye fileti au ukingo wa mbele, kata kitambaa hicho na ukivike upya.

Baada ya kila mruko toa mota mapema ikishapoa vya kushikika, kisha tazama mwanzo wa fileti upande wa mbele kwa tochi ya pembeni. Ufa huanzia hapo, kama uzi mweupe wa milimita chache. Bonyeza ncha ya pezi kwa kidole huku na huku: uzi huo ukifunguka na kufunga, roketi hairuki tena hadi fileti hiyo ikatwe yote na alumini iandaliwe kuanzia sabuni.